Mkono Usitangulie Macho: Mwongozo wa Sataranji kwa Anayeanza

Pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, alasiri haipiti bila ubao wa bao kuwekwa kivulini. Wazee huketi, kahawa huzunguka, na kete hulia mashimoni hadi adhana ya magharibi. Mimi hukaa kando kidogo, barazani, na ubao wa sataranji, nikiwafundisha vijana wanaotaka kujifunza. Siku moja mzee mmoja, fundi wa bao asiyewahi kucheza sataranji maishani mwake, alisimama nyuma ya mwanafunzi wangu akatazama mchezo kimya kimya. Kijana alipopoteza malkia wake bure, mzee alimgusa bega akamwambia: "Mwanangu, mkono wako watangulia mato."

Mato ni macho kwa Kiamu. Tangu siku ile sijapata maneno yaliyoeleza tatizo la anayeanza vizuri kuliko hayo. Mchezaji mpya huwa hashindwi kwa sababu ya kukosa elimu ya ndani ya mchezo. Anashindwa kwa sababu kidole kimeshashika kete kabla jicho halijamaliza kuzunguka ubao. Kwa hiyo karibu kila zoea nitakalolieleza hapa lina kazi moja: kuurudisha mkono nyuma ya macho. Nimeona vijana wakibadilika ndani ya miezi miwili au mitatu kwa kushika mazoea haya, na nimeona wengine wakizunguka palepale mwaka mzima kwa kucheza michezo mamia bila kushika hata moja.

Ukitoka kwenye bao au dama, soma hapa kwanza

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina kete 32 na miraba 64. Sidai kwamba namba hizo zinathibitisha undugu wowote, lakini huwapendeza sana wanafunzi wangu, na huwafanya wauone ubao mpya kama jambo la nyumbani.

Tofauti iliyo muhimu iko kwenye kula. Katika bao, ukiwa na mtaji, yaani nafasi ya kula, ni lazima ule. Dama nayo hukulazimisha kula. Kijana aliyelelewa na michezo hiyo anapokuja kwenye sataranji, akiona kete ya kuliwa hula papo hapo, kama kwamba sheria imemwamuru. Sheria haijamwamuru. Katika sataranji hulazimiki kula, labda pale ambapo mfalme wako yuko katika cheki, yaani anashambuliwa, na kula ndiyo njia pekee ya kumwokoa. Kete iliyoachwa wazi mbele yako inaweza kuwa zawadi, na inaweza kuwa chambo. Mvuvi wa Matondoni anajua tofauti ya samaki aliye huru na samaki aliye kwenye ndoana. Mchezaji naye aijue.

Upo mtego wa kale unaoonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Huitwa mtego wa Légal, kwa jina la Mfaransa aliyekuwa bingwa mjini Paris katika karne ya 18. Utandike ubao uucheze pamoja nami; majina ya kete na ya miraba, kama e4, nimeyaeleza katika sehemu inayofuata. Nyeupe inaanza kwa kitunda, ile kete ndogo ya mstari wa mbele, kwenda e4, nyeusi inajibu kitunda e5. Nyeupe farasi f3, nyeusi kitunda d6. Nyeupe askofu c4, nyeusi askofu g4, akimbana farasi wa f3, kwa maana nyuma ya farasi huyo amesimama malkia. Nyeupe farasi wa pili c3, nyeusi kitunda g6. Sasa nyeupe inafanya jambo la ajabu: farasi wa f3 anakula kitunda cha e5 na kumwacha malkia wake wazi. Kijana wa bao haoni tena kitu kingine. Anamla malkia wa d1. Nyeupe inajibu kwa askofu kula kitunda cha f7, cheki. Mfalme mweusi analazimika kwenda e7. Kisha farasi wa c3 anaruka d5, na mfalme hana tena pa kukimbilia. Chekimeti. Malkia mzima ameliwa, na aliyemla ndiye aliyeshindwa. Lau nyeusi ingetulia na kumla yule farasi wa e5 kwa kitunda chake cha d6, malkia wa nyeupe angemla askofu wa g4, na hasara yote ingekuwa kitunda kimoja tu.

Rudia mtego huo mara tano, kila mara ukisimama pale malkia anapoachwa wazi ujiulize: kwa nini ameniachia?

Majina na thamani

Hapa sitakawia. Kete ni mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na vitunda vinane kila upande. Wazee walimwita mfalme shaha, neno la Kiajemi lilelile tunalolisikia katika "shaha wa malenga". Askofu kwa Kiarabu mpaka leo ni tembo, al-fil. Ukisikia mtu akitumia majina hayo usichanganyikiwe.

Thamani za kukumbuka: kitunda 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei. Hesabu hii ni ya kupimia biashara tu: kumtoa ngome ili upate farasi ni kulipa 5 kwa kitu cha 3. Miraba huitwa kwa herufi a hadi h kutoka kushoto kwenda kulia, na namba 1 hadi 8 kutoka upande wa nyeupe kwenda juu. Jifunze kuitaja bila kusitasita, maana bila hiyo huwezi kuandika michezo yako, na kuandika ni nusu ya mwongozo huu.

Zoea la kwanza: maswali matatu kabla ya kugusa

Mpinzani akishacheza, weka mikono yako chini ya mapaja au ikunje kifuani. Nasema hivi kwa dhati: ukae juu ya mikono yako hasa. Halafu jiulize, kwa mpangilio huu:

1. Hatua yake imebadilisha nini? Kete aliyoisogeza sasa inashambulia wapi, na ilipotoka imefungua njia gani, na imeacha nini bila mlinzi?
2. Hatua ninayoitaka ikichezwa, kete yangu ipi itabaki yatima? Yatima nakusudia kete isiyo na mwenzake wa kuilinda.
3. Baada ya hatua yangu, yeye ana cheki gani, na anaweza kula nini?

Ukishajibu yote matatu, ndipo mkono utoke.

Wanafunzi hulalamika kwamba ni polepole mno. Mwanzoni, kweli. Wiki ya kwanza maswali yatakuchosha, na utayasahau kila hatua ya tatu. Wiki ya tatu utaanza kuyauliza bila kujilazimisha. Ni kama kujifunza kusoma: kwanza unaunga herufi kwa herufi, kisha siku moja jicho linaokota neno zima.

Swali la kwanza ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa sababu kila mtu anapenda mpango wake mwenyewe kuliko wa mwenzake. Chukua chekimeti ya hatua nne, ambayo kila mtoto wa shule aliyeonyeshwa na rafiki yake huijaribu. Nyeupe kitunda e4, nyeusi kitunda e5. Nyeupe askofu c4, nyeusi farasi c6. Nyeupe malkia h5. Anayeanza huona malkia amesogea karibu, na moyo wake humwambia amfukuze: anacheza farasi f6. Malkia anakula f7, chekimeti, mchezo umekwisha kabla kahawa haijapoa.

Lau angeuliza swali la kwanza, angeona kwamba malkia wa h5 anatazama miraba miwili yenye hatari. E5 inalindwa na farasi wa c6, haina shida. Lakini f7 inalindwa na mfalme peke yake, na inatazamwa na wawili: malkia na askofu. Jibu ni kitunda g6. Malkia analazimika kuondoka, kwa kawaida hurudi f3 akitishia f7 tena, na sasa farasi f6 ni hatua nzuri kabisa: inaziba njia na kumtoa farasi. Na tazama faida yake: malkia mweupe amekaa f3, mraba ambao farasi wake mwenyewe ndiye aliyeuhitaji. Aliyekuja kukuua amejizuia mwenyewe.

Sheria moja ya mashindano inalinda zoea hili, nayo ni bora uitumie hata barazani: ukigusa kete, uicheze. Sheria nyingine inakataza kuandika hatua yako kabla hujaicheza. Cheza kwanza, andika baadaye. Nimewahi kuingia shindano dogo la vijana mjini nikaona mtoto akilia kwa kulazimishwa kucheza kete aliyoigusa kwa haraka, kwa sababu nyumbani kwao kila mtu alikuwa akimruhusu kurudisha. Huruma ya namna hiyo haimsaidii mtoto. Waambieni ndugu zenu wasiwaruhusu kurudisha, nanyi msiombe.

Zoezi la pembeni, dakika tano tu: tandika hali yoyote ya mchezo wako wa jana, kisha taja kwa sauti kila kete yatima ya pande zote mbili. Ngome a8, analindwa na malkia. Farasi h5, yatima. Kitunda b2, yatima. Hakuna zoezi jepesi zaidi, na sijaona linalopunguza hasara za bure haraka kama hili.

Hatua kumi za mwanzo

Vijana wengi huniambia, "Mwalimu, nifundishe ufunguzi wa mabingwa." Nawakatalia. Kukariri hatua 15 za ufunguzi ambao mpinzani wako hataucheza ni kupoteza mafuta ya taa. Kwa miezi ya mwanzo shika mambo manne, nayo yatakutosha.

Weka kitunda katikati, e4 au d4. Toa farasi na maaskofu kabla ya kucheza kete moja mara mbili. Mwingize mfalme ngomeni mapema, yaani ile hatua ambayo mfalme husogea miraba miwili kuelekea ngome na ngome ikaruka upande wa pili wake. Kumbuka kwamba haiwezekani mfalme akiwa katika cheki, wala akipita au kufikia mraba unaoshambuliwa, wala akiwa yeye au ngome ile alishawahi kusogea. Na usimtoe malkia mapema, kwa sababu kila anayemfukuza hutoa kete yake kwa faida huku wewe ukikimbia tu.

Ukitaka kuona mambo haya yakiwa hai, cheza tena mchezo wa Paul Morphy wa mwaka 1858. Morphy, Mmarekani wa miaka 21, aliucheza ndani ya jumba la opera mjini Paris dhidi ya mabwana wawili walioungana, mmoja wao Duke wa Brunswick. Ulikwisha kwa hatua 17. Mwishoni alimtoa malkia wake kwa makusudi, kisha ngome na askofu waliobaki wakampa mfalme mweusi chekimeti. Watu husimulia juu ya malkia aliyetolewa. Mimi huwaambia wanafunzi watazame pembe ya pili ya ubao: mchezo ulipokwisha, askofu mmoja na ngome moja ya nyeusi walikuwa bado wamekaa pale walipopangwa mwanzoni. Morphy alipigana kwa jeshi lake zima, wapinzani wake kwa sehemu tu ya jeshi lao. Ukikariri mchezo mmoja tu katika maisha yako, ukariri huu.

Mafumbo kila siku

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa raha ya fumbo. Mashairi yetu yamejaa. Fumbo la sataranji ni hali ya ubao ambayo ndani yake imefichwa hatua ya ushindi, nawe unaambiwa uitafute. Dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa tatu Jumapili moja.

Sababu yake imechunguzwa. Mholanzi Adriaan de Groot, mwanasaikolojia na mchezaji hodari, aliwaonyesha wachezaji hali za michezo kwa sekunde chache kisha akawataka wazipange upya kwa kumbukumbu. Mabingwa walizirudisha karibu kamili, wachezaji wa kiwango cha chini walikumbuka kete chache zaidi. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon walirudia jaribio hilo kwa kuongeza jambo moja: walipanga pia kete ovyo ovyo, bila mantiki ya mchezo. Hapo faida ya bingwa ilitoweka karibu yote. Kumbe bingwa hana kichwa cha ajabu cha kukumbuka kila kitu. Ameona maumbo yaleyale mara nyingi mno hata jicho lake linayatambua kama wewe unavyotambua uso wa jirani katika vichochoro vya Mkomani.

Basi kazi yako ni kulilisha jicho maumbo. Anza na haya manne, uyarudie mpaka yakuchoshe:

Pigo la pande mbili, hasa la farasi. Farasi akitua c7 huku mfalme mweusi yuko e8 na ngome iko a8, anapiga vyote viwili. Mfalme lazima aondoke, ngome inaliwa. Farasi ni hatari kwa sababu anaruka, na jicho la anayeanza haliufuati mruko wake. Jizoeze kuuliza kila wakati: farasi wake anaweza kutua wapi baada ya hatua mbili?

Kubana, ambapo kete haiwezi kusogea kwa kuwa nyuma yake amesimama mkubwa zaidi. Kete iliyobanwa ni mlinzi wa jina tu.

Mshikaki: hapa mkubwa yuko mbele na mdogo nyuma katika mstari mmoja. Mkubwa akikimbia, wa nyuma analiwa. Wanafunzi wangu hulipenda umbo hili kwa jina lake, na hawalisahau.

Mfalme aliyefungiwa na vitunda vyake mwenyewe. Amejificha ngomeni, vitunda vitatu viko mbele yake havijasogea, na ngome ya adui inateremka hadi mstari wa nyuma. Hana pa kutokea. Dawa ni kumfungulia dirisha kwa kusogeza kitunda h kwa mraba mmoja wakati ukiwa na nafasi, kabla dhiki haijaja.

Namna ya kutegua ni muhimu kama fumbo lenyewe. Usibahatishe. Ukiwa kwenye simu, kishawishi cha kujaribu hatua na kuona kama itakubaliwa ni kikubwa, na huko ndiko kuufundisha mkono kutangulia. Tazama cheki zote kwanza, halafu kete zote za kuliwa, halafu vitisho. Fuata kila moja mpaka mwisho kichwani. Ukiona jibu, litaje kwa sauti pamoja na majibu ya mpinzani, ndipo uguse. Fumbo lililokushinda liandike. Baada ya siku tatu lirudie. Mafumbo 100 uliyoyarudia mara tano yatakufaa kuliko 500 uliyoyapita mara moja.

Pa kuyapata: Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, ni ya bure kabisa, haina matangazo, na mafumbo yake ni mengi kuliko utakavyoweza kumaliza. Intaneti ikiwa ya shida kwenu, piga picha mafumbo kumi ukiwa pazuri, uyachukue nyumbani uyatandike kwenye ubao wa kweli. Kusema kweli, ubao wa kweli ni bora. Macho yaliyozoea kioo cha simu hupotea yakikutana na kete zilizosimama.

Anza kujifunza kutoka mwisho

José Raúl Capablanca wa Kuba, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alishikilia kwamba mchezaji ajifunze miisho kabla ya kufungua. Mimi nakubaliana naye kwa sababu ya kienyeji kabisa: nimeona michezo mingi mno barazani ambapo kijana ana malkia zaidi, anamfukuza mfalme ubao mzima kwa dakika kumi, kisha anashangaa mchezo umekuwa sare.

Ngome mbili dhidi ya mfalme ni rahisi, zifanye kama juya linalovutwa ufukweni. Ngome moja inafunga mstari, nyingine inatoa cheki kwenye mstari unaofuata, mfalme anarudi nyuma, unapandisha ile ya kwanza, na hivyo hivyo hadi ukingoni. Mfalme akiisogelea ngome, ipeleke upande wa pili wa mstari uleule, kisha endelea.

Malkia na mfalme kunahitaji uangalifu zaidi. Mweke malkia umbali wa mruko wa farasi, yaani miraba miwili mbele na mmoja pembeni, kutoka kwa mfalme wa adui. Kisha mwigize: akienda kulia mraba mmoja, malkia naye kulia mraba mmoja, akishuka, naye ashuke. Chumba chake kitazidi kupungua mpaka atakapofika pembeni. Lakini akiingia kwenye kona, acha kumwigiza! Mfalme mweusi akiwa h8 na malkia wako g6, ikiwa ni zamu yake, hana hatua hata moja na hayuko katika cheki. Ni sare, kazi yote imekwenda na maji. Mwache awe na miraba miwili ya kutembea kwenye ukingo, umlete mfalme wako polepole hadi amkaribie, ndipo malkia amalize.

Halafu jifunze mfalme na kitunda. Mengi yanaweza kusemwa hapa, lakini kwa kuanzia shika hili: mfalme wako atangulie mbele ya kitunda, asikisukume kutoka nyuma. Akifika mstari wa sita mbele ya kitunda chake, kwa mfano mfalme e6, kitunda e5, mfalme wa adui e8, umeshinda hata zamu ikiwa ya nani. Vitunda vya ukingoni, a na h, ndivyo havifuati kanuni hii, kwa sababu adui hujificha konani.

Tenga jioni tatu kwa miisho hii. Ucheze dhidi ya rafiki, mbadilishane pande, hadi kila mmoja aweze kumaliza akiwa anazungumza mambo mengine.

Daftari

Kama ningeruhusiwa kumpa mchezaji mpya kitu kimoja tu, ningempa daftari la kurasa 48. Andika kila mchezo mrefu unaoucheza. Usiku huohuo au kesho yake, kabla ya kufungua kompyuta, kaa na ubao uupitie mchezo mwenyewe. Andika mahali ulipohisi mambo yameharibika, na uandike ulikuwa unafikiri nini wakati ule. Hili la pili ndilo gumu, na ndilo lenye dawa. "Nilikuwa natazama shambulio langu upande wa mfalme, sikuona askofu wake ametoka." Sentensi kama hiyo inakufunza kuhusu wewe mwenyewe.

Kila kosa lipe alama moja kati ya tatu. M kwa mkono: ulijua, ulikuwa na muda, hukutazama. E kwa elimu: hukujua umbo lile au mwisho ule. S kwa saa: muda ulikubana. Baada ya michezo kumi hesabu. Katika madaftari ya wanaoanza niliyoyaona, M ndizo zinazojaa ukurasa, tena kwa mbali. Anayedhani anahitaji kitabu kipya cha ufunguzi hugundua anahitaji kutulia.

Baada ya hapo tu ndipo ufungue kompyuta ikusahihishe. Ukianza na kompyuta, itakuambia hatua bora, utasema "aah, kweli," na utakuwa hujajifunza kitu. Jibu ulilopewa kabla ya kuulizwa halikai kichwani.

Saa, na watu wa kucheza nao

Cheza michezo ya dakika 15 kila mmoja na nyongeza ya sekunde 10 kwa hatua, au mirefu zaidi. Michezo ya dakika moja au tatu ina raha yake kwa aliyekwisha kujua. Kwa anayeanza inafuta usiku kile alichojenga mchana. Sikatazi kabisa, maana najua hamtanisikiliza, lakini kwa kila mmoja mfupi chezeni mmoja mrefu.

Tafuta mpinzani anayekushinda kama mara mbili katika tatu. Anayekushinda kila mara atakukatisha tamaa, unayemshinda kila mara atakulaza. Ukishindwa, usikusanye kete na kuondoka. Muulize kwa adabu: "Ndugu yangu, ni wapi uliona umenipata?" Akiwa mkubwa wako, muulize kwa heshima inayomstahili, umletee kahawa, na utaambiwa mengi. Fundi wa mchezo anapenda kuulizwa.

Nawe ukishajua kidogo, mfundishe aliye chini yako. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, aliyeiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji mwaka 2010, alianza kwenye kibanda cha kufundishia watoto ambako kulikuwa na uji wa bure, akizungukwa na wenzake waliokuwa wakifunzana. Kueleza kwa mdogo wako kwa nini farasi asiachwe yatima kutakuzuia wewe mwenyewe kumwacha.

Wiki yako

Kila siku baada ya alfajiri, au wakati wowote kichwa kikiwa kipya, mafumbo dakika 20. Siku tatu za wiki, baada ya alasiri, mchezo mmoja mrefu, uandikwe wote. Usiku wa siku hizo, daftari. Jioni moja ni ya miisho. Ijumaa pumzika, au kaa tu Mkunguni utazame wazee wa bao, uone fundi anavyokaa kimya mkono ukiwa hewani juu ya shimo, akihesabu mzunguko mzima kabla kete ya kwanza haijadondoka.

Mwisho wa kila mwezi, fungua daftari uhesabu M zako kwa kila mchezo. Zikiwa zinapungua, endelea vilevile hata kama bado unashindwa. Ushindi utakuja nyuma yake. Zikiwa palepale, ongeza muda wa michezo yako iwe dakika 30, punguza idadi yake kwa nusu, na uanze kuyasema maswali matatu kwa sauti ya chini kila hatua, hata jirani akikutazama.